Mtoto wa mgonjwa anataka kiwanja kiuzwe kwa ajili ya chumba cha oksijeni. Nimwambie nini?

Mama mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Bukavu. Mimi ni muuguzi wa kiwango cha A1, nilimaliza masomo ya ISTM, chuo cha juu cha ufundi wa tiba, miaka 9 iliyopita, na tangu mwaka wangu wa pili wa kazi nimewekwa katika chumba cha kufungia vidonda cha hospitali moja ya hapa mjini. Wenzangu wengi hukiona chumba hicho kama adhabu, kwa sababu ya harufu yake na kwa sababu wagonjwa ni walewale mwezi hadi mwezi, lakini mimi nimekipenda na sijawahi kuomba kuhamishwa.

Nina mgonjwa ambaye sote tunamwita Mwalimu, kwa kuwa anafundisha shule ya sekondari. Ana miaka 58, ameishi na kisukari kwa miaka 12, na ana kidonda kwenye unyayo wa mguu wa kulia, chini kabisa ya shina la kidole gumba. Huu ni mwezi wa tano. Anakuja mara 3 kwa wiki, saa saba mchana baada ya vipindi vyake, bendeji ikiwa imejaa vumbi au tope la milima ya Kadutu kulingana na hali ya hewa. Ninaifungua, ninakiosha kidonda kwa Dakin, yale maji ya kuulia vijidudu, ninafunga upya, naye ananishukuru na kupanda tena kwenda nyumbani. Halalamiki maumivu hata siku moja. Kidonda hakikui sana, lakini pia hakipungui, na daktari wetu ameshataja kukata kidole.

Mwanawe mkubwa anaishi Johannesburg. Amesikia kwamba huko kuna vyumba ambamo mgonjwa hufungiwa na kupumua oksijeni yenye shinikizo, na kwamba vidonda vya kisukari hupona humo. Anataka kiwanja cha familia kilichopo Panzi kiuzwe ili baba yake asafiri. Mama yake, mke wa Mwalimu, anakataa, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee walicho nacho. Kijana huyo amenipigia simu mara 4 akiniomba niandike barua kwamba sisi hapa tumeshindwa, ili mama yake akubali, na akaongeza kwamba nikimsaidia atanitafutia nafasi ya kujifunza kazi ya uuguzi katika vyumba hivyo.

Ninakiri kwamba ahadi hiyo imeniingia moyoni. Nimekesha nikisoma juu ya tiba hiyo, na kazi yake imenivutia kuliko kitu chochote tangu nilipotoka shuleni. Sasa sijiamini tena: sijui kama ninamwazia Mwalimu au ninajiwazia mimi. Je, chumba hicho kinaweza kumponya? Niandike barua hiyo au nisiiandike? Na je, ni vibaya kuitamani kazi ile nikiwa ninamhudumia mgonjwa huyu?

Muuguzi wa chumba cha vidonda, Bukavu

—

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimesimama mahali pamoja, ambapo wewe umepita haraka: ile bendeji iliyojaa vumbi na tope la Kadutu. Umeeleza sukari, umeeleza oksijeni, umeeleza kiwanja, na katikati ya hayo yote umeniambia kwamba mtu mwenye tundu kwenye unyayo anapanda na kushuka milima ya Bukavu kila siku, kwa miguu, kwa mwezi wa tano, huku akisema haumii. Kabla hatujazungumza habari ya Johannesburg, inatupasa tuzungumze habari ya mlima huo.

Kutoumia kwake si upole. Kisukari kimeua mishipa ya fahamu ya mguu, na mguu usiohisi hukanyaga mahali palepale kwa uzito uleule mara elfu kadhaa kwa siku, bila kuchechemea na bila kupumzika, kama mtu anayegonga jiwe lilelile kwa nyundo. Wewe na mimi tukiwa na kidonda kama hicho tungetembea kwa kisigino kuanzia saa ya kwanza. Atakapokuja Jumatatu, mwambie afumbe macho, kisha gusa kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi na kwa muda wa sekunde 1 au 2, kidole gumba, kidole cha tatu na kidole cha mwisho cha kila mguu, naye akuambie kila anapohisi. Akikosa viwili au zaidi, una jibu, na jibu hilo halihitaji mashine yoyote. Fanya mbele ya mke wake ikiwezekana. Nimeona wake wengi wa wagonjwa wakishika vinywa walipomwona mume akikaa kimya huku kidole chake kikiguswa. Kuanzia siku hiyo hawakuhitaji kuhubiriwa juu ya viatu.

Kidonda cha namna hii hakiponi kwa kile unachokiweka juu yake, hupona kwa kuondolewa uzito uliopo juu yake. Bendeji yako inaweza kuwa safi kuliko zote za mkoa mzima na bado isifue dafu ikiwa mwenye mguu anaikanyagia hadi nyumbani. Njia iliyothibitishwa kuliko nyingine ni kifaa kinachofika chini ya goti ambacho mgonjwa hawezi kukivua mwenyewe, na mahali pasipo na vifaa vya dukani plasta ya kawaida hufanya kazi hiyo. Hospitali yako ina mtu anayefunga plasta za mifupa iliyovunjika. Mtafute, kaeni na daktari, mzungumze. Lakini msifunge plasta kabla ya kuhakikisha mambo mawili: kwamba damu inafika, na kwamba hakuna usaha uliojificha. Tafuta mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo, upande wa ndani, kwa vidole vyako, bila haraka. Usipoyapata, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari wa mishipa ya damu wiki hiihii, na plasta isubiri. Halafu chukua kifaa butu cha chuma kilichotakaswa, kiingize polepole ndani ya kidonda. Kikigonga kitu kigumu chenye mkwaruzo, dhania kwamba mfupa umeambukizwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Omba picha ya mionzi, na kama ya kwanza ni safi, irudiwe baada ya wiki 2 au 3, kwa sababu mfupa huchelewa kuonyesha ubaya wake. Mfupa ulioambukizwa huhitaji dawa za bakteria kwa wiki kama 6, na hauponi kwa kuoshwa.

Ninakuuliza kwa upendo: kati ya hayo, mangapi yamefanyika katika miezi hii 5? Sikuulizi ili nikulaumu. Nimefanya kazi katika chumba kama chako na ninajua asubuhi ya wagonjwa 40 na kifurushi kimoja cha chachi. Lakini barua inayosema kwamba mmeshindwa ni barua ya watu waliojaribu, na kwa yale uliyoniandikia, Mwalimu bado hajajaribiwa tiba yenyewe.

Neno juu ya Dakin, kwa kuwa sote tumelelewa nayo. Maji hayo yalitengenezwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na mkemia Mwingereza Henry Dakin, akishirikiana na daktari mpasuaji Alexis Carrel, kwa ajili ya majeraha ya askari yaliyojaa udongo na nyama iliyooza. Kwa kidonda kichafu kinachonuka, kwa siku chache, yana kazi. Kwa nyama mpya, nyekundu, yenye chembechembe kama za mchanga, yanaunguza kile unachokisubiri kiote. Osha kwa maji ya chumvi, ondoa kwa kisu ile ngozi ngumu ya pembezoni na nyama iliyokufa (kama hujafundishwa kuikata, mwombe daktari akufundishe, usijifunzie kwa Mwalimu), kisha funika kidonda kibaki na unyevu. Tangu mwaka 1962, George Winter alipoonyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa na kubaki na unyevu huota ngozi upesi kuliko lililoachwa likauke, hakuna sababu ya kuwaanikia watu vidonda.

Sasa chumba cha oksijeni. Nilifanya kazi ndani ya vyumba hivyo kwa miaka 6 huko Ubelgiji kabla ya kurudi nyumbani, nami ninaiheshimu tiba ya hiperbari, yaani ya oksijeni chini ya shinikizo, kwa hiyo usidhani ninaipuuza. Mgonjwa huingia katika chumba cha chuma, hewa huongezwa hadi shinikizo lifike mara 2 hadi 2.5 ya lile la kawaida, sawa na kuzama mita 10 hadi 15 baharini, naye hupumua oksijeni tupu kwa dakika 90 hivi. Katika hewa ya kawaida, oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya damu, mbali na ile inayobebwa na chembe nyekundu, ni kama mililita 0.3 katika kila mililita 100; kwa oksijeni tupu, shinikizo likifika mara 3, huwa kama mililita 6. Mwaka 1960 daktari mpasuaji Ite Boerema wa Amsterdam alionyesha kwamba nguruwe waliotolewa karibu chembe nyekundu zote za damu waliweza kuishi kwa oksijeni hiyo iliyoyeyuka. Ndiyo maana tiba hii huokoa maisha ya mpiga mbizi aliyepanda juu haraka, ya mwenye gangrini ya gesi (nyama kuoza upesi kwa bakteria wanaotoa gesi), ya aliyelala na mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya nyumba iliyofungwa akavuta moshi wenye sumu.

Kwa mguu wa kisukari mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio la wagonjwa 94: kati ya waliopangiwa vipindi 40 vya oksijeni, asilimia 52 walikuwa wamepona kidonda baada ya mwaka mmoja, na kati ya waliowekwa chumbani wakapewa hewa tu, asilimia 29. Hayo ni matokeo mazuri. Lakini jaribio la Kanada la mwaka 2016, lenye wagonjwa 103, halikuona kwamba oksijeni ilipunguza haja ya kukata mguu, na lile la Uholanzi la mwaka 2018, lenye wagonjwa 120 ambao miguu yao ilikosa damu, halikuonyesha tofauti ya kutosha. Tiba inayoleta majibu yanayogongana namna hiyo ni ya kuongezwa juu ya matunzo mengine, haichukui nafasi yake. Hata Marekani, ambako vyumba ni vingi, bima ya umma ya wazee hulipia kidonda cha mguu wa kisukari ikiwa tu kimefika daraja la 3 katika kipimo cha Wagner cha ukali wa vidonda vya mguu, yaani kimeingia ndani na kuambukiza mfupa au kufanya jipu, na ikiwa kimetunzwa ipasavyo kwa siku 30 bila kuonyesha dalili ya kupona. Nao katika kutunzwa ipasavyo wanahesabu sukari, mishipa ya damu, kukata nyama iliyokufa na kuondoa uzito mguuni. Kwa hiyo Mwalimu akifika Johannesburg kesho na fedha za kiwanja, muuguzi mzuri wa huko ataanza kwa kuuliza maswali yaleyale niliyokuuliza mimi, na vipindi 40, siku 5 kwa wiki, ni wiki 8 za kula na kulala mbali na nyumbani.

Nakumbuka mzee mmoja, fundi seremala, aliyeletwa kwetu na bintiye. Alikuwa na bidii kuliko wote. Alifika nusu saa kabla ya kipindi, akavaa gauni la pamba bila kusukumwa, akameza mate na kubana pua vizuri shinikizo lilipopanda ili masikio yasimuume. Katika wiki ya tatu niliinua kiatu chake alichokivua mlangoni nikaona soli imelika upande mmoja, palepale penye kidonda. Tulikuwa tunampa oksijeni dakika 90 na kumrudishia kiatu kile kwa saa zote zilizobaki. Alipofungwa plasta, kidonda kikaanza kufunga. Sijui ni kiasi gani cha kupona kwake kilitoka chumbani. Najua kilichotoka kwenye kiatu.

Kuhusu barua, usiiandike kama ilivyoombwa. Andika nyingine, ya ukweli, ya ukurasa mmoja: tarehe kidonda kilipoanza, vipimo vyake, mapigo ya mguu yapo au hayapo, kifaa kiligonga mfupa au hakikugonga, picha imeonyesha nini, sukari ni ngapi, na mpango wa wiki 4 zijazo. Daktari aitie sahihi pamoja nawe. Kisha mpigie kijana, usimsubiri apige mara ya tano. Mtoto aliye mbali na baba mgonjwa anataka kutoa kitu, na asipoonyeshwa pa kutoa atashika lile kubwa analolisikia. Mwambie hivi: pikipiki ya kumpeleka baba shuleni na kumrudisha kila siku, magongo mawili, vifaa vya kupimia sukari nyumbani, picha mbili za mionzi, kipimo cha mishipa ya damu, plasta na kubadilishwa kwake kila wiki. Mwombe pia aongee na mkuu wa shule, kwa heshima, ili baba yake afundishe akiwa ameketi, katika vyumba vya chini visivyo na ngazi. Hesabu mbele yake. Anaweza kuilipa bila mama yake kuuza hata sentimita moja ya ardhi.

Mama naye mwambie kwamba hajamnyima mumewe uhai kwa kukataa kuuza. Nadhani hilo linamtafuna usiku, na hakuna mwingine atakayemwondolea. Ila umwambie pia, bila kuficha, kwamba kidole kinaweza kukatwa hata mkifanya kila kitu, hasa kama mfupa umeshaharibika, na kwamba kukata kidole kimoja mapema mara nyingine huokoa mguu.

Na sasa wewe. Kuitamani kazi ile si kosa. Kosa lingekuwa kuipata kwa barua hiyo, kwa hiyo mwambie kijana waziwazi kwamba huipokei ahadi yake maadamu baba yake ni mgonjwa wako. Utashangaa jinsi ulimi utakavyokuwa mwepesi baada ya hapo. Kama bado unaitaka, pita mlango wa mbele. Kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa kama sisi, Ufaransa kuna diploma za chuo kikuu za vidonda na uponaji wake, Montpellier ikiwa mojawapo ya mahali zinapofundishwa, na kuna cheti cha kufanya kazi chini ya shinikizo, kipengele C, kinachohusu kazi za tiba. Anza na vidonda, chumba kifuate. Wauguzi dhaifu niliowaona chumbani walikuwa wale waliojua mitambo bila kujua mguu.

Ujue pia kwamba si kazi ya kukaa na kutazama saa. Utapima sukari kabla na baada, kwa kuwa hushuka mgonjwa akiwa ndani. Utapekua mifuko, nywele na ngozi, kwa sababu mafuta ya kujipaka, manukato, nguo za nailoni, simu, kiberiti, vyote hivyo ni moto unaosubiri mahali penye oksijeni nyingi. Tarehe 31 Oktoba 1997, katika hospitali moja ya Milan, kifaa kidogo cha kupashia mikono joto alichoingia nacho mgonjwa kilianzisha moto chumbani. Watu 11 walikufa, akiwemo muuguzi aliyekuwa ndani pamoja nao. Oksijeni yenyewe ikizidi huweza kuleta degedege, na hapo utamwondolea mgonjwa barakoa wala hutaruhusu shinikizo lishushwe hadi mtukutiko uishe, kwa maana pumzi iliyobanwa kifuani ikipanuka inaweza kupasua mapafu. Mkono unaoweza kufanya hayo ni ule uliozoea kuangalia mambo madogo. Wako unaweza kuuzoeza hapo ulipo, kuanzia kwa Mwalimu.

Jumatatu, baada ya kukiosha kidonda, weka juu yake kipande cha plastiki angavu kilichosafishwa, chora mzunguko wake kwa kalamu ya wino, andika tarehe, na ukitunze kwenye faili. Fanya hivyo kila Jumatatu. Ikifika wiki ya nne na mchoro haujapungua kwa nusu ilhali mguu haukukanyagwa, sukari imetulia, damu inafika na mfupa umetibiwa, basi niandikie na uniambatishie vipimo vyote, nami nitakusaidia kuandika barua ya pili, ile ya kuomba ushauri wa kituo chenye chumba.

Mama mshauri